Simu na kompyuta chakavu: mzigo huharibikia kaunta

SWALI: Tuna maduka kadhaa ya simu na kompyuta mpakato. Tumeanza kupokea vifaa vilivyokufa kutoka kwa wateja ili viende kiwanda cha urejelezaji. Mzigo wa kwanza ulikatwa bei, kreti mbili zikarudishwa kwa sababu ya betri, na gari la kuzunguka maduka linakula hela. Tumekosea wapi?

JIBU: Kaunta. Betri zikishachanganywa dukani, kuzichambua ghalani ni kazi ya hatari na imechelewa.

Kila duka litenge vyombo vitatu: cha vifaa vyenye betri ndani, cha betri zilizotolewa, na cha betri zilizovimba, kutoboka au kuvuja. Betri iliyotolewa izibwe ncha zake za chuma kwa tepu ya umeme, kisha iingie kwenye mfuko wake wa plastiki peke yake. Betri ya lithiamu ambayo mteja anaiita imekufa huwa bado ina chaji ya kuweza kuwaka. Ncha zikigusa chuma inapiga shoti, inapata joto, joto hilo linachochea kemikali za ndani zitoe joto zaidi, na betri ya jirani inafuata. Ndiyo maana kiwanda kikikuta chache hazijazibwa hukataa kreti nzima, na kina haki.

Iliyovimba msiitoboe ili itoe gesi, msiikandamize, msiichaji. Ikiwa imenasa ndani ya simu, iacheni humo humo. Fukieni kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu. Mfuniko uwekwe juu tu bila kubanwa, maana gesi ikikosa njia ndoo hupasuka. Ndoo ikae mbali na maboksi na mlango wa kutokea. Mzigo huu usafiri peke yake kwa barabara: betri mbovu haziruhusiwi kwenye ndege.

Kuhusu bei, kinachotafutwa zaidi ni bodi za saketi, zenye dhahabu, fedha, paladi na shaba. Bodi zikichomolewa njiani, kiwanda kinabaki na plastiki na vioo, na kikifungua sampuli kinalijua hilo mara moja. Andikeni namba ya IMEI (namba ya utambulisho ya simu) ya kila simu na namba ya kiwandani ya kila kompyuta, pimeni kreti dukani, ifungeni kwa lakiri yenye namba, mpime tena ghalani. Kilo zikipungua mtajua zimepungulia wapi. Chaja na nyaya ziuzwe kando; zikichanganywa na simu hushusha daraja la mzigo wote.

Gari la kukusanya liondoeni kabisa. Lile linaloshusha bidhaa mpya hurudi tupu, basi lirudi na kreti, na lichukue pale tu duka linapotoa taarifa kwamba kreti imefika robo tatu. Ndoo ya zilizovimba haisubiri kujaa.

SWALI: Wateja wanaogopa picha na taarifa zao. Tuwaambie nini?

JIBU: Kifaa kikiwaka, mteja aondoe akaunti yake na kufuta kila kitu mbele yenu. Simu iliyobaki na akaunti ya mwenyewe haiuziki tena kama simu, inakuwa chakavu tu. Kompyuta isiyowaka itolewe diski ikasagwe. Tundu moja la drili halitoshi kwa diski za SSD, yaani diski za chipu, kwa kuwa taarifa zimetawanyika kwenye chipu kadhaa. Simu msiitoboe hata mteja akisisitiza: drili itakutana na betri.