Malaika akikuletea habari, shika habari

Kila Majilio, majuma ya kujiandaa kwa Krismasi, yakikaribia, swali la malaika linarudi katika jumuiya yetu. Wana mabawa kweli? Kila mtu ana wake? Bado wanawatokea watu? Mimi ni katekista, na masomo ya Biblia ya jioni, nyumba kwa nyumba, nimeyaongoza kwa miaka mingi. Anayetaka kuyaelewa Maandiko juu ya malaika namshauri hivi: usimkodolee macho mjumbe. Fuata neno alilotumwa kulisema, uone linamfikisha wapi aliyelipokea.

Biblia yenyewe inasimulia hivyo. Katika Mathayo, malaika anamtokea Yosefu ndotoni mara tatu: asiogope kumchukua Maria, amkimbize mtoto Misri, amrudishe nchi ya Israeli. Hatupewi jina la malaika huyo, wala sura, wala mavazi. Tunaambiwa Yosefu aliamka akafanya alivyoagizwa. Luka anamtaja Gabrieli kwa jina, lakini hata Gabrieli, mbele ya Zakaria, mzee anayeletewa habari kwamba atapata mtoto, akiisha kutaja jina lake anajieleza kwa kazi tu: anasimama mbele za Mungu, na ametumwa kusema.

Hapo kwa Zakaria huwa tunakaa sana, maana lazima mtu aulize: kwa nini yeye akawa bubu na Maria hakuadhibiwa, wakati wote wawili waliuliza? Someni taratibu. Zakaria ni kuhani, yumo hekaluni anafukiza uvumba, malaika amesimama upande wa kuume wa madhabahu, na habari ya Abrahamu na Sara kupata mtoto uzeeni anaijua tangu utoto. Anauliza, "Nitajuaje neno hilo?" Anataka uthibitisho, na kosa lake linatajwa wazi: hakuyasadiki maneno. Maria anauliza, "Litakuwaje neno hili?" Amekwisha kulipokea, anataka kujua njia yake. Kwa hiyo msiogope kumwuliza Mungu maswali. Nimeona Wakristo wengi wanaodhani kuuliza ni kukosa imani, wakabaki na mzigo moyoni bila sababu. Maria aliuliza, akajibiwa, akakubali, na Luka anamaliza kwa kusema malaika akaondoka. Sala tunayosali kengele ikilia inafuata mkondo huo huo: "Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria", kisha malaika hatajwi tena mpaka sala ya mwisho, tunakwenda kwenye jibu la Maria na kwa Neno aliyetwaa mwili.

Mara ya kwanza kabisa Biblia inapomtaja malaika wa Bwana ni Mwanzo 16, na anayetokewa si mfalme wala nabii. Ni Hajiri, mjakazi mwenye mimba, ametoroka mateso ya bibi yake, yuko karibu na chemchemi jangwani. Malaika anamwita kwa jina, anamwuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Ndipo anampa ujumbe, na sehemu ya ujumbe huo ni ngumu: arudi kwa bibi yake huyo, Sarai. Nikifundisha sura hii siilainishi, na sikubali itumike kumrudisha mwanamke kwenye kipigo. Hajiri mwenyewe anatuonyesha alichokishika: alimpa Mungu jina, Mungu anayeniona.

Lakini sura ninayoipenda kuliko zote katika jambo hili ni Matendo 10. Korneli, akida wa Kirumi aliyekaa Kaisaria, anatokewa na malaika saa tisa alasiri. Malaika anajua sala zake na sadaka zake. Angeweza kumweleza habari za Yesu papo hapo, na nani angebisha? Hakufanya hivyo. Alimwambia atume watu Yafa wakamwite Simoni Petro, anayekaa kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, nyumba iko pwani. Akampa anwani, basi. Kuhubiri aliachiwa Petro, mvuvi yule yule aliyemkana Bwana. Filipo naye katika sura ya 8 anaambiwa na malaika ashike njia ya kwenda Gaza, na anayepanda garini kumfafanulia Mwethiopia kitabu cha Isaya ni Filipo, si malaika. Ukisubiri malaika aje kumfundisha jirani yako, soma sura hizi mbili kwanza.

Sasa yanayotugusa mitaani. Mama mmoja wa jumuiya yetu alinijia na karatasi yenye kiasi cha sadaka. Mhubiri alikuwa amemwambia kwamba malaika amemwonyesha mtoto wake mgonjwa atapona ikiwa fedha hiyo itafika kabla ya Jumapili. Sikuanza kumsema mhubiri. Nilifungua Tobiti 12, tukasoma pamoja. Malaika Rafaeli amemsindikiza Tobia safari nzima, baba mtu ameponywa macho, na wanataka kumpa nusu ya mali yote waliyorudi nayo. Anawaambia wamtukuze Mungu. "Mwalimu, soma tena hapo," akasema. Nikarudia. Kisha tukaenda Waamuzi 13, ambayo ndugu zetu Waprotestanti nao wanayo, pale Manoa anapotaka kumwandalia malaika mwana-mbuzi. Malaika anasema hatakula chakula chake, na kama ni sadaka ya kuteketezwa, amtolee Bwana. Mama aliikunja ile karatasi, na fedha ikaenda kumtibia mtoto.

Kwa hiyo mtu akikuambia ametumwa na malaika, usitishike, wala usimdhihaki. Muulize neno lenyewe ni lipi, na nani anafaidika nalo. Lipime kwa Injili, kwani Paulo anawaambia Wagalatia kwamba hata malaika wa mbinguni akileta injili nyingine asikubaliwe, na anawaonya Wakorintho kwamba Shetani hujigeuza awe mfano wa malaika wa nuru. Tazama pia heshima inakwenda kwa nani. Katika Ufunuo 22 Yohana anaanguka miguuni pa malaika ili amsujudie, anakatazwa mara moja: mimi ni mtumishi mwenzako, msujudie Mungu.

Kuhusu malaika mlinzi, Kanisa Katoliki linawaadhimisha malaika walinzi tarehe 2 Oktoba, na Yesu mwenyewe katika Mathayo 18 anasema malaika wa wadogo wauona siku zote uso wa Baba. Wafundisheni watoto sala ya malaika mlinzi bila wasiwasi.

Kwa jumuiya zinazotaka kulisoma jambo hili Majilio haya, anzeni na Luka 1 yote, si kipande cha Maria peke yake, halafu Matendo 10 hadi mwisho. Msomaji asome polepole, na kila malaika anapoingia, mmoja wenu aandike pembeni maneno aliyoyasema na alichokifanya mtu baada ya hapo. Mazungumzo yatakuja yenyewe.