Kutafuta kitabu cha Kiswahili kwenye WorldCat

Msomaji anaandika "methali" kwenye kisanduku cha kutafutia, anapata vitabu kadhaa, anaamini hakuna vingine. Vipo. WorldCat ni katalogi ya pamoja ya maktaba nyingi duniani, na katalogi ya namna hiyo haisomi kitabu chenyewe. Inasoma rekodi aliyoiandika mkutubi fulani, pengine Ohio, pengine Nairobi, na neno lako lisipokuwemo humo kitabu hakitokei, hata kiwe kimejaa methali tupu.

Kinachowakwamisha wengi ni umoja na wingi. Maelekezo ya katalogi hukwambia uweke nyota (*) mwishoni mwa neno ili upate maumbo yake yote. Kwa Kiingereza inafaa, maana neno lao hubadilika mkiani. Letu hubadilika kichwani: shairi, mashairi, mtoto, watoto, kitendawili, vitendawili. Nyota ya mwishoni hapo haina kazi, na ya mwanzoni mara nyingi haikubaliwi. Andika maumbo yote mawili na katikati uweke OR kwa herufi kubwa: shairi OR mashairi. Ukitafuta tenzi, kumbuka na lahaja, kwani wanaofuata Kiamu, lahaja ya Lamu, huandika "utendi": utenzi OR tenzi OR utendi OR tendi. Ni kuchosha, lakini hakuna njia ya mkato.

Ritifaa, ile alama (') ya ng', nayo ina vituko vyake. Simu huweka iliyopinda, rekodi ina iliyonyooka, na mashine nyingine huona maneno mawili. "Ng'ombe" asipotokea, mjaribu bila ritifaa, kisha uache nafasi mahali pake.

Kwa majina ya waandishi, usitumie alama za kunukuu. Shaaban Robert anaweza kuandikwa hivyo, au "Robert, Shaaban", au kwa "Shaban" yenye a moja pungufu. Alama za kunukuu hulazimisha mfuatano mmoja tu na kuyaacha mengine nje. Wenye "bin" na "al-" ndio wagumu zaidi. Chukua sehemu moja ya jina isiyo ya kawaida, uiunge na neno moja la jina la kitabu.

Sasa mada, yaani maneno ambayo mkutubi huyaweka kwenye rekodi kueleza kitabu kinahusu nini. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966, inayonunua vitabu vya Afrika Mashariki, na vingi huorodheshwa kwa kanuni za huko. Kwa hiyo kitabu ni cha Kiswahili, mada yake imeandikwa kwa Kiingereza. Methali ziko chini ya "Proverbs, Swahili". Ushairi "Swahili poetry". Riwaya "Swahili fiction". Njia rahisi: tafuta kitabu kimoja unachokijua, fungua rekodi yake, bonyeza mada iliyomo. Ndugu zake watajitokeza. Baada ya hapo tu ndipo uchuje kwa lugha. Ukianza na kichujio, rekodi ambazo lugha yake ilijazwa vibaya zinakupotea.

Ukiwa na ISBN, namba ya utambulisho ya kitabu, iandike bila vistari. Vitabu vya kabla ya 2007 vina tarakimu 10, na kuongeza 978 mbele peke yake hakutoshi, kwa sababu tarakimu ya mwisho ya kuhakiki huwa inabadilika pia. Iandike kama ilivyochapwa.

Usishangae kuona kitabu kilekile mara tatu. Maktaba nyingine huleta rekodi zake zenyewe, na orodha ya wenye nakala hugawanyika, hivyo zifungue zote kabla ya kusema kiko mbali. Na kuonekana kwamba maktaba fulani inacho si kwamba kiko rafuni leo: kiungo cha katalogi ya maktaba yenyewe ndicho kinachoonyesha kama kimeazimwa. Ukiomba kiletwe kutoka maktaba nyingine, mpe mkutubi namba ya OCLC (shirika linaloendesha WorldCat) iliyomo kwenye rekodi pamoja na mwaka wa toleo, la sivyo huenda ukaletewa toleo la shule lililofupishwa.