Simu yangu haijui Kisukuma

SWALI: Habari za kazi, mwanangu. Naandika kwenye simu hadithi alizonisimulia bibi kwa Kisukuma, lakini karibu kila neno linapigwa mstari mwekundu, na mengine yanageuzwa Kiswahili. Wajukuu wanasema lugha ya kijijini haina nafasi kwenye kompyuta. Ni kweli?
— Mwalimu mstaafu, Magu

JIBU: Shikamoo, mwalimu. Si kweli. Wasimulie wajukuu habari za Wasorbi, Waslavi wa mashariki mwa Ujerumani, kandokando ya miji ya Bautzen na Cottbus. Wote kwa jumla hawafiki laki moja. Sisi Wasukuma ni mamilioni. Chama chao, Domowina, kilianzishwa 1912, na 1937 Wanazi wakakipiga marufuku. Leo Firefox, programu ya kufungulia tovuti, inafunguka kwa lugha zao zote mbili, Kisorbi cha Juu na cha Chini, na ipo programu ya kutafsiri kati ya Kijerumani na Kisorbi, Sotra, maana yake dada.

Mimi hunigusa zaidi neno lao la nyumba. Kwa Kisorbi cha Juu nyumba moja ni dom, nyingi ni domy, lakini zikiwa mbili tu ni domaj. Kijerumani hakina umbo hilo la wawili. Mashine haiwezi kulibuni. Hulijifunza kwa sababu kuna watu walioliandika, Kisorbi huku na Kijerumani pale, sentensi kwa sentensi.

Sasa yetu. Kisukuma kina irabu saba, kibodi inakupa tano. Mwaka jana pale Kirumba niliwapa ndugu zangu watatu sauti ya shangazi waiandike: neno moja likaandikwa kwa namna tatu! Mashine itashika lipi? Kwa hiyo, mwalimu, chagua leo namna ya kuandika zile irabu mbili zilizobaki, iandike ukurasa wa kwanza wa daftari, usiibadilishe mpaka hadithi ya mwisho. Kwenye mipangilio ya kibodi zima usahihishaji wa maneno, isikuharibie tena. Kila sentensi ya Kisukuma iwekee ya Kiswahili chini yake. Halafu mjukuu mmoja akurekodi ukisoma, kwa sababu toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, haionekani kwenye maandishi.

Hadithi ya kwanza ikikamilika nitumie. Tutaichapa hapa kwa herufi zako mwenyewe, na Kiswahili chake pembeni.