Kicheko kilicholowesha kanga

Ilikuwa shughuli ya arobaini ya mtoto wa jirani, Tanga. Mama mmoja alitupia utani, ua zima likaangua kicheko, na papo hapo mkojo ukaniponyoka. Nilibaki kwenye kiti cha plastiki mpaka wageni wakaisha, kanga nimeikunja mara nne chini yangu. Mwanangu wa tatu alikuwa na miezi mitano.

Shangazi nilipomweleza alinijibu, "Ndiyo uzazi huo, mwanangu. Wote tumepitia." Kliniki nako ni mtoto tu: anapimwa uzito, anachomwa chanjo, tunaondoka. Habari za mkojo wangu hakuna aliyeziuliza, nami mdomo wa kuzitaja sikuwa nao. Nikaanza kujinyima maji, hasa siku za safari. Nilikosea. Mkojo ukiwa mzito unakichokoza kibofu, haja inazidi kubana, na choo nacho kinakuwa kigumu. Ukijikamua unazidi kuilegeza misuli ileile inayozuia mkojo.

Misuli yenyewe imetandazwa chini ya nyonga, imebeba kibofu, kizazi na utumbo wa haja kubwa. Ifikirie kama kitanda cha kamba. Kikibonyea hakitupwi, kinakazwa.

Kukaza nilifundishwa na dada mmoja wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi ya viungo. Bana kama mtu anayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, vuta kwa juu, hesabu mpaka tano, achia taratibu, pumzika, rudia. Mara kumi, asubuhi, mchana na usiku. Ukizoea, hesabu mpaka kumi. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa najidanganya: nabana makalio na pumzi nimeishikilia! Makalio na mapaja yalegee, pumzi iendelee. Na usijizoeze kufanya ukiwa unakojoa. Mazoezi haya mimi niliyaambatanisha na swala, nisisahau: alfajiri, adhuhuri na isha. Nafuu niliiona mwezi wa tatu, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya pili.

Kingine: bana kabla ya kukohoa, kupiga chafya au kunyanyua mzigo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, mama, na wewe juzi tu umetoka kujifungua. Niliomba nichote nusu nusu. Mama mkwe alinuna siku mbili, akazoea.

Mazoezi hayatibu kila kitu, lakini. Ukihisi kitu kinateremka ukeni, hasa jioni baada ya kusimama sana, huenda ni kizazi kushuka. Kapimwe, kuna pete laini ya kuvalishwa kukishikilia, na kuna upasuaji. Kama mkojo unatiririka usiku na mchana, hata hujakohoa, na ulikaa na uchungu muda mrefu, hapo shuku fistula. Kichwa cha mtoto kilichokwama huminya nyama kwenye mfupa hadi zikafa na kuacha tundu, na tundu hilo halizibwi kwa kubana misuli. Linashonwa. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, hutibu fistula bila malipo, na imekuwa ikiwatumia wagonjwa nauli kwa simu, maana nauli ndiyo iliyowafungia wengi ndani miaka nenda rudi.

Siku ya kliniki, muuguzi akishamshusha mtoto kwenye mzani, usisubiri akuulize. Mwambie: "Nikikohoa mkojo unanitoka." Akikujibu kama shangazi yangu, omba kuonana na daktari.