Maswali ya Wasomaji: Mtoto Analia, Wanasaikolojia Wanabishana

SWALI: Mimi ni mwanachuo wa ualimu na pia ni mama wa mtoto wa miezi 14. Darasani tumefundishwa mikabala mingi ya saikolojia, yaani njia mbalimbali za kuieleza akili na tabia, na kila mmoja unaonekana kuukana mwenzake. Nyumbani nako, kila asubuhi ninapomwacha mtoto kwa dada wa kazi, hulia mpaka sauti inamkauka. Rafiki yangu aliyesoma saikolojia amenionya nisirudi kumbeba kwa kuwa nitamzoesha kulia, ilhali mwingine, aliyesoma chuo hichohicho, ananihimiza nimbembeleze. Mkabala upi ndio sahihi? Na je, matawi ya saikolojia ndiyo mikabala yenyewe? (Mama Mwanachuo, Morogoro)

JIBU: Mitihani hupenda kuuliza nani aliasisi mkabala gani, lakini swali litakalokufaa zaidi ni hili: kila mkabala ulichagua kutazama nini, na ukaacha nini nje? Kilio cha mwanao kinatosha kuipima karibu yote.

Wilhelm Wundt, aliyefungua maabara yake mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, aliwategemea sana watu wazima waliozoezwa kueleza kwa makini kile walichokihisi wenyewe. Kwa mtoto asiyejua kusema, njia hiyo inakwama mlangoni. William James wa Marekani alijali zaidi akili inamsaidia nini kiumbe kuishi katika mazingira yake, na kwa jicho hilo kilio ni chombo cha kumwita mlezi.

Onyo la rafiki yako wa kwanza lina ukoo wake. Mwaka 1913 John B. Watson alitangaza kwamba saikolojia iachane na habari za fahamu, ishughulike na tabia inayoonekana, na baadaye B. F. Skinner akaonyesha kwa majaribio mengi ya wanyama kwamba tendo linalofuatwa na tuzo hurudiwa. Ukilitumia wazo hilo nyumbani, kumbeba mtoto anayelia ni kukituza kilio. Watson mwenyewe, katika kitabu chake cha malezi cha mwaka 1928, aliwashauri wazazi wasiwakumbatie wala kuwabusu watoto, bali asubuhi wawape mkono. Sijui bibi gani wa kwetu angemsikiliza.

Sigmund Freud wa Vienna alikuwa mbali sana na Watson, kwani alitafuta chanzo cha tabia katika sehemu ya nafsi ambayo mtu mwenyewe haitambui, na katika yaliyompata utotoni. Hata hivyo wafuasi wa pande hizi mbili, waliopingana karibu katika kila jambo, kwa kiasi kikubwa walikubaliana kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu mama ndiye anayemlisha. Mwanasaikolojia wa Marekani Harry Harlow alilitikisa wazo hilo mwaka 1958: vitoto vya nyani waliotengwa na mama zao walipewa sanamu mbili, moja ya waya tupu yenye chupa ya maziwa na nyingine iliyofunikwa kitambaa laini, isiyo na maziwa, na wakashinda wameikumbatia ile ya kitambaa.

Sehemu inayofuata ilifanyika jirani nasi, na inanishangaza kwamba hutajwa kwa nadra madarasani. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi London na John Bowlby, daktari wa akili aliyechunguza mapenzi kati ya mtoto na mlezi wake, alifika Uganda mwaka 1954 na kuwafuatilia watoto wachanga 28 wa Kiganda katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwatembelea mara kwa mara majumbani mwao. Aliona kwamba mtoto aliyeelewana vyema na mama yake alimtumia kama gati: hutambaa kwenda kuchungulia mambo, hurudi kumgusa, kisha huondoka tena. Alipohamia Baltimore, Marekani, watoto wa huko hawakustuka sana mama alipotoka chumbani, kwa kuwa walizoea kumwona akiingia na kutoka. Ndipo akabuni jaribio la kumwacha mtoto kwa dakika chache katika chumba kigeni. Lililomfunulia mengi zaidi halikuwa kilio cha kuachwa, bali jinsi mtoto alivyompokea mama aliporudi.

Mwaka 1972 yeye na Silvia Bell waliandika kwamba watoto walioitikiwa haraka walipolia katika miezi ya mwanzo walilia kidogo zaidi baadaye, kinyume na vile ambavyo nadharia ya tuzo ingetabiri. Wanatabia, yaani wafuasi wa njia ya Watson na Skinner, hawakunyamaza: mwaka 1977 watafiti Gewirtz na Boyd waliukosoa uchambuzi huo vikali. Mimi naegemea upande wa rafiki yako wa pili. Jean Piaget wa Uswisi, ambaye kazi yake ililisha mkabala wa utambuzi, unaochunguza jinsi akili inavyofikiri na kuelewa, anaongeza jambo la kukutuliza: mtoto wa umri huo anaelewa kwamba mama yupo hata asipoonekana, hivyo kumlilia ni dalili ya akili inayokua. Basi muage waziwazi, usimtoroke, kisha mtazame jioni: akikukimbilia, akabebwa, akatulia na kurudi kwenye mchezo wake, kilio cha asubuhi kisikutie hofu. Carl Rogers, wa mkabala wa kiutu, unaomtazama mtu mzima na hisia zake, pengine angeanza kwa kukusikiliza wewe, maana barua yako ina uchovu ambao hukuuandika.

Kuhusu swali lako la mwisho, tawi ni eneo la kazi, kama vile saikolojia ya makuzi, ya elimu, ya jamii au ya kitabibu, na ndani ya tawi moja utawakuta watu wa mikabala tofauti, kama ulivyowakuta rafiki zako wawili. Usichanganye pia mwanasaikolojia na daktari wa magonjwa ya akili, ambaye kwanza husomea udaktari wa binadamu na ndiye huandika dawa. Kwa mwalimu mtarajiwa mwenye mtoto wa miezi 14, ningependekeza uanze na saikolojia ya makuzi, kwani nusu ya mazoezi yake unayo nyumbani.