Sikukuu Huanza Magharibi: Siku za Watakatifu Nyumbani na Watoto, Bagamoyo

Wapwani tangu zamani huhesabu siku kuanzia jua linapozama: usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa, si ule unaoifuata. Kanisa Katoliki nalo lina hesabu hiyo hiyo kwa Dominika (Jumapili) na sherehe kubwa, ambazo huanza na Masifu ya Jioni, yaani sala ya Kanisa ya jioni, ya siku iliyotangulia. Familia yenye watoto wa shule ikilishika hilo, kazi ya kuadhimisha siku za watakatifu nyumbani inakuwa nyepesi. Sikukuu nyingi huangukia katikati ya wiki. Asubuhi yake ni mbio za daladala na sare za shule, na jioni yake watoto wamechoka, hamu imekwisha. Jioni ya mkesha sikukuu bado iko mbele, na mtoto analala akiingojea.

Chagueni chache. Noeli na Pasaka zipo tayari. Ongezeni siku ya somo wa kila mtoto (mtakatifu ambaye mtoto anaitwa jina lake), siku yake ya ubatizo (tarehe iko kwenye cheti), na mbili tatu za Kanisa zima. Wanaotaka kumwadhimisha kila mtakatifu wa kalenda huchoka kabla ya Kwaresima, na watoto huona kila kitu kimeachwa ghafla. Kila sikukuu iwe na alama yake isiyobadilika: chakula kile kile, wimbo ule ule. Mtoto hukumbuka kinachorudi. Kitambaa cha meza ya sala nacho kifuate rangi za Kanisa: nyeupe, nyekundu kwa mashahidi, zambarau wakati wa Majilio (majuma ya kuingojea Noeli) na Kwaresima, kijani siku za kawaida.

Sala isizidi dakika kumi. Mpangilio unaofaa ni huu: ishara ya msalaba, ubeti mmoja wa wimbo wanaoujua, Injili fupi, ombi moja kwa kila mtoto, Baba Yetu, Salamu Maria, Atukuzwe. Injili isomwe na mtoto mkubwa, lakini apewe tangu mchana aipitie, la sivyo atakwama kwenye majina na wadogo wataanza kucheka. Mwisho baba au mama amchore kila mtoto msalaba kwenye paji la uso. Hili lisirukwe hata kama mdogo keshasinzia, mfuateni kitandani. Rozari nzima kwa watoto wadogo ni ndefu mno, na hata Oktoba, mwezi wa Rozari, fungu moja la Salamu Maria kumi linawatosha.

Mshumaa usimamishwe ndani ya glasi pana yenye mchanga mkavu, kina cha vidole vitatu, mbali na pazia na chandarua. Upepo wa baharini jioni unatosha kurusha pazia hadi mezani. Mshumaa wa ubatizo hupinda kwa joto la chini ya mabati, kwa hiyo ulazwe bapa ndani ya boksi, umezungushiwa kitambaa, sehemu ya chini ya kabati.

Chakula cha mkesha kinachofaa zaidi kwetu ni vitumbua, kwa sababu vina kazi ya kila umri. Saa moja asubuhi lowekeni vikombe viwili vya mchele. Saa tisa alasiri umwageni maji, usageni na kikombe kimoja cha tui zito la vuguvugu, kijiko kimoja cha chai cha hamira na nusu kijiko cha iliki, mpaka ukigusa kwa vidole husikii chenga. Funikeni saa nzima uumuke, ndipo mtie sukari nusu kikombe. Uwe kama uji mzito. Ukizidi uzito, ongezeni tui kidogo kidogo. Kila shimo la chuma litiwe kijiko cha chai cha mafuta, moto wa wastani. Usipoumuka, mara nyingi tui lilikuwa la moto likaua hamira. Vikiungua nje na ndani vikabaki vibichi, punguzeni mkaa. Wadogo watwange iliki, wakubwa wamimine, kugeuza abaki nako mtu mzima.

Sahani ya kwanza iende kwa jirani kabla ya magharibi, na mtoto ndiye aipeleke, aseme ni sikukuu gani. Bagamoyo jirani huyo huenda ni Mwislamu, naye hukuletea sahani siku ya Idi. Chuma na mafuta visiwe vimewahi kupikia kitimoto, na kuku wa sikukuu aombwe jirani mwenyewe amchinje. Kwaresima ikikutana na Ramadhani, sahani ifike karibu na futari, kamwe si mchana.

Kati ya watakatifu wote, mtoto wa Bagamoyo asikose kumjua Yosefina Bakhita, 8 Februari. Alizaliwa Darfur, Sudan, yapata mwaka 1869, mwaka mmoja tu baada ya mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu kuanzisha misheni hapa, walikolea watu waliokombolewa utumwani. Alitekwa akiwa mdogo akasahau hata jina alilopewa na wazazi. Bakhita aliitwa na watekaji, na mtoto wa pwani ataisikia humo "bahati" yetu. Alitangazwa mtakatifu mwaka 2000. Jumamosi iliyo karibu waleteni watoto Misheni, wauone msalaba na makaburi, kisha kisa wasimuliwe hapo hapo chini ya miti. Kwa walio chini ya miaka saba, mapigo na makovu yaachwe. Inatosha kwamba alichukuliwa kwao, akawa huru, akasamehe. Visa vya mateso vikisimuliwa saa ya kulala huleta ndoto mbaya, na mtoto humwogopa mtakatifu badala ya kumpenda.

Jumapili ya Matawi haihitaji kununua kitu. Ombeni kuti bichi kwa mkwezi, lakini si lile la moyoni, maana kulikata humuumiza mnazi. Toeni chelewa, mpasue vipande vya upana wa kidole, watoto wasuke msalaba siku hiyo hiyo. Kesho yake kuti limekauka na linapasuka. Wapeleke misalaba yao ibarikiwe pamoja na matawi, kisha ikae juu ya mlango mwaka mzima. Wiki moja kabla ya Jumatano ya Majivu, mtoto airudishe parokiani kwa mkono wake, ichomwe iwe majivu.