Ile picha, mashine ilikuwa haijawaka

Kamwene, mdogo wangu. Sauti yako nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa ndani ya gari nasubiri kioo kiachie barafu. Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, kama ile pikipiki ya theluji niliyopiga nayo picha ni yangu, na kama ni yangu, mbona mwezi wa kumi na moja nilisema sina hela ya bati za mama. Pili, kama uuze zile ekari mbili za paina kule Igowole upate nauli ya kunifuata huku Thunder Bay, Kanada.

Nianze na picha, maana ndiyo iliyofikisha maneno hadi kwa mama mdogo.

Ni yangu. Niliinunua mwezi wa kumi kwa mzee mmoja wa huku, dola 1,100 za Kanada. Imetumika sana, imemzidi umri mwanao wa kidato cha tatu. Na siku ile ya picha ilikuwa imekufa. Nilipanda, nikashika usukani, nikacheka meno yote nje, jirani akanipiga picha. Nikashuka, nikaendelea kuvuta kamba hadi bega likauma. Wewe ukaona kaka yuko juu ya mashine. Yule kwenye picha alikuwa ametoka kutukana kwa Kihehe peke yake bandani, kwenye baridi ya nyuzi 27 chini ya sifuri.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa chenso, nikueleze tatizo lenyewe ulipate vizuri. Hii mashine usiiogope. Mbele ina skii mbili, nyuma ina mkanda mpana wa mpira wenye meno unaochapa theluji, na katikati kuna injini ya tu-stroki, ndugu kabisa wa chenso mnazoangushia miti huko Sao Hill. Tofauti ni kwamba hii ina silinda mbili na tangi lake la oili, inachanganya yenyewe. Kuwasha ni kuvuta kamba, kama chenso, kama jenereta.

Yangu kamba ilikataa kabisa. Si kwamba ilikuwa nzito. Ilikuwa kama imefungwa kwenye kisiki. Nikasema basi, pistoni imeshika, hela imekwenda. Mzee aliyeniuzia alikuwa ameniambia, "Msimu uliopita iliwaka." Hakudanganya, ila alinyamaza kuhusu msimu huu.

Nikapigia gereji moja. Fundi wao ni dola 130 kwa saa, na foleni ni wiki tatu. Hapo ndipo nilipowakumbuka mafundi wa Mafinga. Pale ukisimama na kitu kimegoma, kabla hujafungua mdomo vijana wanne wameshainama, mmoja ana spana, mwingine ana ushauri wa bure ambao ni wa uongo, na wa tano anakuuzia karanga. Huku niliinama peke yangu, fundi wangu akiwa ni video ya mafunzo kwenye simu, na simu yenyewe ilizimika kwa baridi ikiwa na chaji nusu.

Nikatulia, nikafanya kama tulivyokuwa tunafanya na chenso la mzee. Nikatoa plagi zote mbili, maana silinda ikijaa petroli au maji, pistoni haina pa kuyasukuma na kamba itakataa hata injini ikiwa nzima. Nikavuta. Bado. Nikafungua bolti za kava la kamba, nikalitoa kando lote, halafu nikashika klachi ile inayokaa kwenye ncha ya krenki nikaizungusha kwa mkono. Ikazunguka laini, tena nikasikia pumzi ikitoka kwenye matundu ya plagi, fuu, fuu. Mdogo wangu, nilikaa chini kwenye theluji. Injini ilikuwa nzima. Kilichoshika ni kile kifaa cha kamba tu.

Ndani ya kava kulikuwa na barafu. Maji yaliingia wakati fulani, yakaganda kwenye pulei na springi. Nikalibeba hadi jikoni, nikaliweka karibu na hita, nyumba nzima ikanuka petroli na mwenye nyumba akanitumia ujumbe wa maneno matano ambayo siyarudii hapa. Barafu ilipoyeyuka nikalifungua. Hapo uwe mwangalifu: springi ile imejikunja kama nyoka kwenye shimo, ukiinyanyua ovyo inakurukia usoni. Vaa glavu na miwani, na ukitoa pulei hakikisha springi imebaki kwenye nyumba yake. Mimi iliniruka mara moja. Bado kuna alama kwenye dari.

Nikakausha, nikarudisha, nikavuta. Sasa kamba ikaja yote, injini haikuzunguka hata kidogo. Nacheka sasa, siku ile sikucheka. Kumbe vile vidole viwili vinavyochomoka ukivuta ili vishike kikombe cha krenki vilikuwa vimelala. Mtu alivipaka grisi nzito ya kawaida, na grisi hiyo kwenye baridi ya huku inakuwa kama nta. Nikaifuta yote kwa kitambaa, nikaweka kidogo sana ile ya kuhimili baridi. Kamba nayo ilikuwa imechakaa karibu na mpini, nikaweka mpya ya nailoni ya milimita 5, ncha zake nikazichoma kwa kiberiti zisifumuke. Kabla ya kufunga nikazungusha pulei mizunguko mitatu hivi ili springi iwe na nguvu ya kurudisha kamba. Ukisahau hapo, kamba inabaki nje inaning'inia kama ulimi wa ng'ombe.

Sasa ikazunguka, lakini haikuwaka. Nisikuchoshe: swichi ya kuzimia ilikuwa imebonyezwa, na mimi nilikuwa nimeshavuta mara arobaini na choki imevutwa, plagi zimelowa chapa. Nikazikausha. Ikakohoa, ikafa. Petroli iliyolala humo tangu mwaka jana ilikuwa imeziba vijitundu vya kabureta. Najua wewe ungeingiza waya. Usiingize, unapanua tundu. Puliza kwa upepo. Saa tano usiku, siku ya tatu, ikawaka, moshi wa bluu ukajaa bandani, harufu ileile ya msituni asubuhi.

Nikatoa simu nikupigie. Kwenu ilikuwa saa moja asubuhi, ulikuwa umeshaingia msituni, hakuna mtandao. Nikaizima mashine nikaenda kulala.

Sasa hela ya bati. Hapo umenikamata. Mashine niliinunua mwezi wa kumi, mwezi wa kumi na moja kiwanda kikapunguza zamu, nikabaki na siku tatu kwa wiki. Nilikwambia hali ngumu na ilikuwa ngumu kweli, lakini sikukwambia ilikuwa ngumu kwa sababu dola 1,100 zilikuwa zimelala bandani chini ya turubai. Ningeweza kusema naitumia kubebea kuni, na kweli nabebea kuni, na Jumamosi naenda nayo ziwani na mwenzangu wa kazini kuvua samaki kwenye tundu la barafu. Ila sikuinunua kwa sababu ya kuni. Niliinunua kwa sababu nilikuwa nimekaa miaka minne huku bila kuwa na kitu cha kuonyesha, na nilitaka picha. Na bado sijalipa usajili wake, bima, wala kibali cha kupita kwenye njia zake. Mwambie mama bati zinakuja mwezi wa tatu. Mwambie mimi nimesema.

Kazi yenyewe ulishaniuliza mara nyingi nikakwepa. Napanga mbao. Ndiyo, nilitoka Mafinga, mji wa mbao, nikavuka bahari, nikaja kupanga mbao. Cheti changu cha chuo huku wamekiangalia wakakirudisha kwenye bahasha. Kwa saa nalipwa dola 23, ukiibadilisha kwa shilingi unaona ni utajiri, lakini naitumia huku inakopatikana: kodi ya nyumba 1,100, umeme wa hita, gari, bima ya gari, chakula. Wenzangu si watu wabaya. Wanakusalimia kwa hali ya hewa, na hali ya hewa ni ileile miezi mitano. Ugali napata, unga wa mahindi upo dukani. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, sahau.

Kuhusu miti. Ina miaka tisa. Wanunuzi wanaozunguka huko na pikipiki watakupa bei ya nguzo za fensi na kukuambia umepata. Ikifika 15 unauza mbao. Na yule dalali anayesema anakuleta Kanada kwa milioni kumi na mbili, mwulize barua ya mwajiri iko wapi, yenye jina lako, na uipige picha unitumie kabla hujampa hata nauli ya kwenda Iringa mjini. Akisema utaipata ukishafika, hana barua. Kama unataka kuja kwa njia ya shule, ada ya mwaka mmoja inameza ekari zote mbili na bado unadaiwa. Sikukatazi. Mimi mwenyewe nilikuja, na nisingependa mtu aniambie nisije. Nakwambia tu bei ya mlango.

Nitakupigia Jumapili saa mbili usiku wa kwenu, kwangu itakuwa saa sita mchana. Mpaka hapo usimuuzie mtu hata mti mmoja. Na lile chenso la mzee unalosema limeshika tangu Pasaka, usilipeleke kwa fundi bado. Toa plagi, fungua kava la kamba, uzungushe kwa mkono kwanza.